Macho makavu: mafuta ya samaki, kitani, primrosi au vitamini A? Ulinganisho wa virutubisho

Kwenye rafu ya duka la dawa kuna chupa nyingi zenye picha ya jicho, na mtu anayehisi mchanga machoni kila jioni hukabidhiwa ile iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Chupa hizo hazifanani. Moja ina mafuta ya samaki, nyingine vitamini A, nyingine luteini, na kila moja ina kazi yake mwilini. Kwa macho makavu ya kawaida, hakuna hata moja inayostahili kutangulizwa mbele ya machozi bandia na kukanda kope kwa maji ya moto. Ila wapo watu ambao kirutubisho fulani huwafaa kweli, na wapo ambao bila hicho wanaweza kupoteza macho. Ulinganisho huu ni wa kukusaidia ujue uko kundi gani kabla hujatoa fedha.

Kwanza, ukavu wa aina gani?

Machozi si maji matupu. Juu kabisa pana utando mwembamba wa mafuta, katikati maji, na chini ute unaoyashikiza machozi kwenye jicho. Mafuta hutoka kwenye vijitezi vilivyojipanga ndani ya kope, na matundu yake yako ukingoni, nyuma tu ya nywele za kope. Maji hutoka kwenye tezi ya machozi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Ute hutolewa na chembe za ngozi laini inayofunika weupe wa jicho.

Tezi za mafuta zikiziba, machozi hukauka upesi hata kama ni mengi. Ndiyo maana mtu mwenye macho makavu anaweza kububujikwa na machozi akipigwa na upepo: jicho linajaribu kufidia, lakini maji yasiyo na mafuta hayakai. Huu ndio ukavu unaowapata watu wengi zaidi. Dalili zake ni kope zinazogandana asubuhi, ukingo wa kope mwekundu, na macho yanayochoma kadiri unavyozidi kutazama skrini, kwa sababu mtu anayekaza macho hupepesa mara chache sana kuliko kawaida.

Ukavu wa pili ni wa maji. Tezi ya machozi yenyewe imechoka au inashambuliwa na kinga ya mwili, kama kwa wenye ugonjwa wa Sjögren au baridi yabisi ya viungo. Hawa mara nyingi hukaukiwa na kinywa pia, hata kumeza mkate bila kinywaji huwa kazi. Ukavu wa tatu, wa ute, huletwa na upungufu wa vitamini A, nao tutaufikia.

Kama usumbufu wako mkubwa ni kuwasha, kiasi cha kutamani kusugua macho, huenda hiyo ni aleji na si ukavu, na hakuna mafuta ya kumeza yatakayoiondoa. Tena, dawa nyingi za aleji zenyewe hukausha macho: kloofeniramini ikiwa mbele, setirizini ikifuata. Amitriptilini ya usingizi na maumivu hukausha. Isotretinoini ya chunusi hukausha kwa sababu inazidhoofisha zile tezi za mafuta. Matone ya presha ya macho yenye kihifadhi cha benzalkoniamu kloridi huchubua uso wa jicho taratibu. Ukiwa unatumia mojawapo, mweleze daktari au mfamasia hilo kabla ya kununua kirutubisho chochote. Usiache dawa ya presha ya macho kwa uamuzi wako. Omba ile isiyo na kihifadhi.

Mafuta ya samaki

Haya ndiyo yanayouzwa zaidi, na ndiyo yaliyopimwa zaidi. Kinachotafutwa ndani yake ni asidi mbili za omega-3, EPA na DHA. Hoja ya kuyatumia inaeleweka: asidi hizi hupunguza uvimbe wa ndani, na inadhaniwa hufanya mafuta ya kope yawe mepesi ili yatiririke badala ya kuganda kama samli ya baridi.

Majaribio madogo yalileta matumaini. Mwaka 2016, watu 105 wenye tezi za kope zilizoziba walipewa kwa wiki 12 ama EPA miligramu 1680 pamoja na DHA miligramu 560 kwa siku, ama mafuta mengine ya kulinganishia. Waliopewa omega-3 walipata machozi ambayo chumvi yake imepungua na yanayokaa muda mrefu zaidi jichoni, na dalili zao zilipungua.

Kisha likaja jaribio kubwa la Marekani liitwalo DREAM, lililochapishwa mwaka 2018. Watu 535 wenye macho makavu ya wastani hadi makali waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza miligramu 3000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima (EPA 2000, DHA 1000), jingine likameza mafuta ya zeituni bila kujua. Dalili zilipimwa kwa dodoso la alama 0 hadi 100. Waliotumia omega-3 walishuka kwa alama 13.9. Waliotumia mafuta ya zeituni walishuka kwa 12.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhesabika kuwa kazi ya dawa. Vipimo vya jicho lenyewe navyo havikutofautiana.

Tazama vizuri namba hizo, maana zinaeleza ushuhuda unaousikia kila mahali. Watu wa makundi yote mawili walipata nafuu, na nafuu ya kuhisika. Mtu huanza dawa siku macho yanapouma kuliko siku zote. Wiki chache baadaye yangetulia hata bila kitu. Anayesema "vidonge hivi vimenisaidia" hadanganyi, lakini nafuu yake haithibitishi kwamba ni vidonge vilivyoileta. Wapo waliopinga kwamba mafuta ya zeituni si kilinganishi kitupu. Hoja hiyo ina nafasi yake, ingawa kiasi kilichotumika kilikuwa gramu 5 tu, kama kijiko kimoja cha chai, kiasi ambacho wengi hukipata kwenye chakula.

Kuhusu kinga, jaribio la VITAL lilifuatilia zaidi ya watu wazima 23,000 kwa miaka mitano na kitu kwa kidonge kimoja cha omega-3 kwa siku. Matokeo ya macho yalichapishwa mwaka 2022: hakikuzuia macho makavu kuanza. Kwa hiyo kumeza omega-3 "ili macho yasije yakakauka" ni fedha iliyopotea.

Je, uyaache kabisa? Msimamo wetu ni huu: kama tezi zako za kope zimeziba, umeshakanda na kutumia matone kwa miezi miwili bila nafuu ya kutosha, na huna kizuizi cha kiafya, jaribio la wiki 12 lina mantiki. Lakini lifanye kwa kipimo kilichotumika kwenye majaribio, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Neno kubwa mbele ya chupa, "Fish Oil 1000 mg", ni uzito wa mafuta yote, si wa omega-3. Geuza chupa, soma jedwali la nyuma, jumlisha EPA na DHA. Kisha angalia kama hesabu hiyo ni ya kidonge kimoja au ya "serving" yenye vidonge viwili au vitatu. Ukilenga miligramu 2000 za EPA na DHA kwa siku, hesabu huwa takriban hivi:

| Bidhaa | EPA + DHA kwa kipimo kimoja | Kufikia mg 2000 |
|---|---|---|
| Mafuta ya samaki ya kawaida, kidonge cha mg 1000 | mg 300 (EPA 180, DHA 120) | vidonge 7 |
| Mafuta yaliyokolezwa, kidonge cha mg 1000 | mg 550 hadi 600 | vidonge 4 |
| Mafuta ya krili, kidonge cha mg 500 | karibu mg 100 | vidonge 20 |
| Mafuta ya mwani, kidonge kimoja | mg 300 hadi 500, zaidi DHA | vidonge 4 hadi 7 |
| Mafuta ya ini la samaki, kijiko cha chai | karibu mg 800 | vijiko 2 na nusu (usifanye hivi, soma chini) |

Anayemeza kidonge kimoja cha kawaida kwa siku anapata sehemu moja ya kumi ya kile kilichotumika kwenye DREAM. Ili kulinganisha bei, gawa bei ya chupa kwa jumla ya miligramu za EPA na DHA zilizomo chupani nzima, kisha zidisha kwa 2000. Hiyo ndiyo gharama ya siku moja. Mara nyingi chupa iliyoonekana ghali hugeuka kuwa nafuu.

Pili ni umbo la mafuta. Yale yaliyokolezwa kwa bei ndogo huwa katika umbo la "ethyl ester", na tumbo huyanyonya vibaya yakimezwa bila chakula chenye mafuta. Umbo la "triglyceride", au "rTG" lililorudishwa baada ya kukolezwa, hunyonywa vizuri zaidi. Ndilo lililotumika katika jaribio la mwaka 2016. Lebo ikinyamaza kabisa kuhusu umbo huku mafuta yamekolezwa, chukulia ni ethyl ester. Kwa vyovyote, meza katikati ya mlo mkubwa kuliko yote ya siku, wenye nazi, karanga, yai au samaki. Kumeza asubuhi na chai ya rangi ni kuyapitisha tu. Gawa mara mbili kama unacheua harufu ya samaki.

Tatu ni kuchacha. Omega-3 huharibika kwa joto, mwanga na hewa. Chupa iliyokaa kwenye dirisha la duka Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, au ndani ya gari Muscat, inaweza kuwa imechacha kabla ya tarehe ya mwisho kufika. Toboa kidonge kimoja kwa pini na ukinuse: harufu hafifu ya samaki ni sawa, harufu ya rangi ya kupaka au mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa, tupa. Vidonge vyenye ladha ya limau hukuficha kosa hili, hivyo vionje kwa ulimi. Nunua chupa ya mwezi mmoja au miwili, si ya mwaka, na uiweke kwenye friji.

Wasomaji Waislamu waangalie gamba la kidonge. Jelatini ikiandikwa bila kutajwa asili inaweza kuwa ya nguruwe au ng'ombe. Tafuta alama ya halali, au maneno "fish gelatin", au mafuta ya mwani ambayo mara nyingi hufungwa kwa gamba la mimea.

Hatari zake si nyingi, ila ni za kweli. Kipimo kikubwa, hasa kuanzia gramu 1 kwenda juu hadi 4, kimehusishwa na ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, zaidi kwa wenye ugonjwa wa moyo. Mwenye historia ya tatizo hilo asijaribu. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kwanza. Kuharisha na kiungulia ni kawaida wiki ya kwanza.

Krili inahitaji maneno machache. Ni viumbe vidogo vya baharini vya jamii ya kamba, na mafuta yake hunyonywa vizuri. Jaribio la Melbourne la mwaka 2017 lenye watu 60 lilionyesha krili na mafuta ya samaki vyote viliboresha machozi, na dalili zilipungua zaidi kwa krili. Lakini ni watu 60 tu kwa miezi mitatu, na ukitazama jedwali utaona gharama ya kufikia kipimo. Mwenye aleji ya kamba akae mbali nayo. Mafuta ya mwani ni njia nzuri kwa asiyekula samaki, ila chagua yenye EPA ya kuonekana, maana mengi ni DHA karibu tupu.

Samaki wa mezani

Kopo la dagaa wa baharini lenye gramu 100 za samaki lina karibu gramu 1 ya EPA na DHA kwa pamoja, sawa na vidonge vitatu vya kawaida. Vibua wabichi nao ni wa jamii ya samaki wenye mafuta. Kupika kwa mchuzi, kuchemsha au kuchoma kwenye jani huhifadhi mafuta hayo. Kukaanga mpaka wakauke hupoteza sehemu yake kwenye karai. Dagaa wa kuanikwa wana protini na kalisi kwa wingi, lakini mafuta yao hukutana na jua na hewa kwa siku nzima, kwa hiyo usiwahesabu kama chanzo cha omega-3. Kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa macho, samaki wa mafuta mara mbili au tatu kwa wiki ni chaguo bora kuliko chupa yoyote.

Mbegu za kitani na chia

Kitani, ambacho wauzaji wengi hukiita flaksi, kina omega-3 ya mimea iitwayo ALA. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yake kina karibu gramu 7. Namba hiyo huwapumbaza watu, kwa sababu mwili hugeuza asilimia chache tu ya ALA kuwa EPA, na chini ya hapo kuwa DHA. Gramu 7 zako zaweza kuishia kuwa miligramu mia mbili au tatu za kile jicho linachokihitaji.

Ushahidi wake kwa macho ni mwembamba: majaribio machache madogo kwa wenye ugonjwa wa Sjögren. Hata hivyo ni chakula kizuri kwa moyo na choo, na bei yake si ya kutisha. Ukizitumia, saga. Mbegu nzima hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia. Saga za siku tatu nne tu, weka kwenye friji, tumia kijiko kimoja au viwili vya chakula kwenye uji uliokwisha epuliwa. Mafuta ya kitani hayapikiwi. Moto huyaharibu na kuyafanya machungu. Chia haihitaji kusagwa ikilowekwa dakika 15 hadi ivimbe. Mbegu hizi huhitaji maji mengi, na kwa kuwa huweza kuchelewesha unyonyaji wa dawa, acha saa mbili kati yake na vidonge vyako.

Primrosi na boraji: omega-6 ya namna ya pekee

Watu wakisikia omega-6, aina nyingine ya asidi za mafuta, huogopa uvimbe. GLA ni omega-6 inayokwenda njia nyingine: mwili huigeuza kuwa vitu vinavyotuliza uvimbe. Hupatikana kwenye mafuta ya mbegu za mimea kama primrosi ya jioni (karibu asilimia 9), blakikaranti (asilimia 15 hivi) na boraji (asilimia 20 au zaidi).

Hapa pana jambo la kuvutia. Jaribio la mwaka 2008 kwa wanawake wanaovaa lenzi za kuweka jichoni lilionyesha primrosi ya miezi sita ilipunguza hisia ya ukavu kuliko mafuta ya zeituni, yaleyale yaliyotumika kama kilinganishi kwenye DREAM. Jingine la mwaka 2013, la wanawake 38 waliokoma hedhi, lilichanganya GLA na omega-3 kwa miezi sita, na dalili zikapungua huku alama za uvimbe kwenye uso wa jicho zikidhibitiwa. Yote ni madogo na hayajarudiwa kwa ukubwa wa DREAM. Lakini kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au anayevaa lenzi na asiyeweza kuziacha, hili ndilo tungelijaribu kabla ya mafuta ya samaki matupu.

Kipimo kinachofaa kujaribiwa ni GLA miligramu 200 hadi 300 kwa siku. Kidonge cha primrosi cha miligramu 1000 kina GLA karibu 90, hivyo vitatu. Cha boraji kina karibu 200, hivyo kimoja. Boraji iandikwe haina alkaloidi za pirolizidini, zinazoharibu ini. Isipoandikwa, chagua primrosi. Mjamzito asitumie, wala mwenye kifafa au anayetumia dawa za magonjwa ya akili za kundi la fenothiazini, bila ruhusa ya daktari.

Vitamini A na mafuta ya ini la samaki

Hapa ukweli una pande mbili, na kuzichanganya kunaumiza.

Upande wa kwanza: upungufu wa vitamini A hukausha jicho kikweli kweli. Huanza kwa kutoona wakati wa magharibi, mtoto akijikwaa jioni ilhali mchana anakimbia. Hufuata weupe wa jicho kupoteza mng'ao, kisha mabaka ya povu la kijivu pembeni mwa mboni, kisha kioo cha mbele ya jicho (konea) kulainika na kupasuka. Hatua ya mwisho huweza kuja kwa siku chache, hasa baada ya surua au kuharisha kwa muda mrefu. Mtoto wa namna hii hapelekwi duka la dawa. Hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Tiba kwa aliyevuka mwaka mmoja ni uniti 200,000 siku ya kwanza, tena siku ya pili, tena baada ya wiki mbili au zaidi. Kinga ni yale matone ya kampeni za mara mbili kwa mwaka, uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11 na 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano. Usimruke mtoto, wala usimpeleke mara mbili katika kampeni moja.

Upande wa pili: mtu mzima anayekula mchicha, matembele, maembe, viazi lishe, mayai au maini mara kwa mara hana upungufu huo, na kuongeza vitamini A hakumwongezei machozi. Watu wazima wa kupimwa ni wenye ugonjwa wa ini, waliokatwa sehemu ya utumbo, wenye kuharisha sugu na wanywaji wa pombe kupindukia.

Ziada yake ni sumu. Mtu mzima asivuke mikrogramu 3000, yaani uniti 10,000, za retinoli (vitamini A iliyo tayari, si karotini) kwa siku kwa muda mrefu. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la samaki ya kawaida kina karibu uniti 4,500. Anayeyanywa ili apate miligramu 2000 za omega-3 atahitaji vijiko viwili na nusu, na hapo ameshavuka uniti 11,000 kila siku, maini ya mlo wa Jumapili hayajahesabiwa. Kwa mjamzito, kiasi hicho kinaweza kumlemaza mtoto tumboni. Anayetumia isotretinoini asiguse vitamini A ya ziada hata kidogo, kwa kuwa dawa hiyo ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo mafuta ya ini si mbadala wa mafuta ya samaki, ingawa huwekwa rafu moja.

Mawese mekundu ya Kigoma, Burundi na Kongo yana karotini kwa wingi, nayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja. Hayo ni chakula salama. Mawese yaliyochemshwa mpaka yakageuka meupe yameshapoteza karotini. Vidonge vya betakarotini vya kipimo kikubwa ni jambo jingine: mvutaji sigara asivitumie, kwa sababu viliongeza saratani ya mapafu katika majaribio.

Vitamini D, B12 na vidonge vya "macho"

Vitamini D na macho makavu huonekana pamoja, hasa kwa wanaoshinda ndani ya kiyoyozi na wanaofunika mwili wote, lakini kuonekana pamoja si kusema moja limeleta jingine. Pima damu. Ikiwa chini, jaza kwa maelekezo ya daktari. Ikiwa sawa, usiongeze. Usizidishe uniti 4000 kwa siku peke yako.

B12 ni ya kundi dogo tunalotaka lisisahaulike: mwenye kisukari anayetumia metformini kwa miaka, anayemeza omeprazoli kila siku, na asiyekula nyama, maziwa wala mayai. Kama macho yanachoma sana huku daktari akiyaona hayana ukavu wa kutosha kueleza maumivu hayo, na miguu ina ganzi, neva zinaweza kuwa ndizo zinazolalamika. Pima B12. Kidonge cha mikrogramu 1000 kwa siku huwatosha wengi. Chunguza vile vidonge vya mchanganyiko vya kuondoa ganzi: vingi vina vitamini B6 miligramu 100 au 200, na B6 nyingi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile unayoikimbia.

Vidonge vyenye luteini miligramu 10, zeaksantini 2, zinki 80 na shaba 2 vilitengenezwa kwa kuzorota kwa retina uzeeni, na vinasaidia wenye hatua fulani ya ugonjwa huo. Kwa ukavu havina kazi, na zinki hiyo nyingi huchafua tumbo.

Vinavyopaswa kutangulia

Chupa ya machozi bandia na beseni la maji ya moto ndivyo vipimo ambavyo kila kirutubisho lazima kishindane navyo.

Kukanda kuna namna yake. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwenye upande wa ndani wa mkono, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili, na hapa ndipo watu hushindwa: wanakiacha kimepoa. Chovya upya kila dakika mbili mpaka zitimie 8 hadi 10. Mara moja baada ya hapo, sugua kope kwa kidole: ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, ili mafuta yaliyoyeyuka yatoke. Usikandamize jicho lenyewe. Futa ukingo wa kope. Mara mbili kwa siku kwa wiki sita, kisha mara moja.

Machozi bandia yachaguliwe yenye haipromelosi, kaboksimethiliselulosi au hialuronati, na si yale ya "kuondoa wekundu". Tone moja mara nne kwa siku, hata siku ambazo macho hayasumbui. Ukihitaji zaidi ya mara nne, nunua yasiyo na kihifadhi. Chupa ya kawaida ikifunguliwa hutupwa baada ya siku 28, hata ikibaki nusu. Matone yenye deksamethasoni, yanayouzwa ovyo kwa sababu hutuliza macho ndani ya siku moja, hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, usijinunulie. Maji ya majani, maziwa ya mama na mkojo huingiza vijidudu.

Feni isielekezwe usoni ukilala. Dereva wa bodaboda avae miwani inayoziba pembeni. Mpishi wa kuni atoke kwenye moshi.

Ukiamua kujaribu

Anza na kirutubisho kimoja tu. Ukianza viwili hutajua kipi kimefanya nini. Kwa wiki nzima kabla ya kuanza, kila jioni saa moja, andika alama 0 hadi 10 ya jinsi macho yanavyosumbua, pamoja na idadi ya mara ulizotia matone. Piga wastani. Endelea kukanda na kutia matone kama kawaida wakati wote wa jaribio. Rudia kuandika wiki ya 6 na ya 12. Nafuu kabla ya wiki ya 4 mara nyingi ni ya kubahatika, kwa kuwa mafuta huchukua wiki kadhaa kubadilika ndani ya chembe za mwili.

Wiki ya 12, kama wastani haujashuka kwa angalau theluthi moja, acha. Kama umeshuka, acha pia, kwa wiki nne, uone. Katika mwaka wa pili wa DREAM, waliosimamishiwa omega-3 hawakuharibikiwa kuliko walioendelea nayo. Dalili zikirudi kwako, anza tena kwa kipimo kilekile; zisiporudi, hukuwa unaihitaji.

Jicho moja lililo jekundu na linalouma, mwanga unaochoma, uoni ulioshuka ghafla, usaha, au kope isiyofumba baada ya uso kupooza: hayo hayasubiri wiki 12. Nenda kliniki ya macho leo.